Madam Mumbi Aliondoka Somo Likiendelea

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kitengela, Kisaju, Bisil, na nyinyi wa Namanga mnaotupata kwa kukatikakatika, leo sitawachangamsha. Mimi ni Jackie Nzomo. Mmenizoea kwa maneno mengi, najua. Leo maneno yananipiga chenga.

Madam Mumbi amefariki. Narudia kwa wale ambao ndio wanafungua redio sasa: Mumbi Irungu, mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Olkiloriti, pale kabla hujafika Kisaju, hatuko naye tena. Alifariki Jumanne ya wiki juzi. Alifariki asubuhi, jua likiwaka, ndani ya darasa la saba, somo likiendelea. Na hakuna mtu aliyejua.

Sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe niliambiwa mara ya kwanza nikakataa kuamini. Mwalimu alifundisha mpaka kengele ikalia. Watoto wakatoka, wakaenda kucheza. Mwalimu mkuu wao alikuwa ameketi benchi la nyuma, ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Darasa zima lilidhani anasikiliza.

Niliposikia nilikasirika. Nilisema, watu wa aina gani hao? Watoto wamejaa darasani, mwalimu amesimama mbele yao, na mtu mzima anakata roho hapo hapo? Basi nikaenda Olkiloriti mwenyewe. Nilienda na hasira yangu na nikarudi bila hiyo hasira. Nitawaeleza kwa nini, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Mumbi alizaliwa Murang'a. Wazazi wake walihamia huku Kitengela wakati watu walikuwa wanawacheka wanaonunua shamba huku, eti wananunua vumbi. Alisomea ualimu, akaolewa na Bwana Irungu, fundi wa visima na pampu ambaye wengi wenu mnamjua kwa ile pikapu yake ya kijani. Mwaka wa 1994 akapewa shule. Shule yenyewe ndiyo Olkiloriti.

Wale wa rika langu mnaikumbuka Olkiloriti ya siku hizo. Kengele ililia, walimu wakabaki ofisini na chai. Siku ya soko la Bisil, nusu ya walimu walikuwa sokoni wakitazama mbuzi. Matokeo ya mtihani yakitoka, kazi ilikuwa rahisi, unaanza kusoma kutoka chini na Olkiloriti unaipata mara moja. Mzee Yarow, yule mwenye duka na mfanyabiashara wa mifugo ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, aliniambia waliomba wapewe mwanaume mkali mwenye kiboko. Wakaletewa Mumbi, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na viatu vya raba.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutoka ofisini. Mzee Yarow anasema alifika siku moja na shida yake, akakuta ofisi ya mwalimu mkuu imejaa magunia ya mahindi ya chakula cha watoto. Akauliza mwalimu mkuu yuko wapi. Akaambiwa yuko darasa la nne. Akauliza anafundisha nini. Akaambiwa hafundishi, ameketi.

"Mimi nilichemka," Mzee Yarow aliniambia. "Nikamwambia, Madam, mimi niko na duka. Duka ambalo mwenyewe hakai kwa kaunta, hilo duka limekufa. Akaniambia, Mzee, kaunta yangu iko kule nyuma ya darasa. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama watoto, wametuletea kichaa."

Wasikilizaji, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mumbi. Kila asubuhi aliingia darasa moja, akaketi benchi la nyuma kabisa na watoto, akafumba macho, akasikiliza somo lote. Hakuandika kitu. Hakumkatiza mwalimu. Aliweka sheria, na sheria hiyo ilikuwa kali kuliko zote pale shuleni: akiwa darasani, mtu yeyote asimsemeshe, asisimame kumwamkia, asigeuke kumtazama. Watoto walikatazwa hata kwenda kusimulia nje kwamba Madam alifanya hivi au vile. Alitaka asahaulike pale nyuma, ili mwalimu afundishe watoto na asimfundishe yeye. Somo likiisha, walitoka nje na mwalimu, wakasimama kando ya tangi la maji, akamwambia jambo moja tu. Moja. Siku inayofuata, jambo lingine.

Na kwa nini afumbe macho? Mume wake, Bwana Irungu, alimuuliza. Akamjibu kwamba akiyafumbua anaona sare zilizoraruka na mabati yanayovuja, anaanza kuwaza mambo ya ofisi. Akiyafumba, anasikia kama mtoto ameelewa au ameitikia tu.

"Hata nyumbani alikuwa hivyo," Bwana Irungu aliniambia, na hapo akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu niketi naye. "Mimi namwambia habari ya pampu imekwama huko Namanga, yeye anafumba macho. Miaka ya kwanza nilifikiri amenichoka."

Walimu nao walifikiri analala. Tena hawakuishia kufikiri. Kuna waliokwenda mpaka Kajiado, kwenye ofisi ya elimu, wakasema tumeletewa mwalimu mkuu anayelala darasani na watoto wanamwona. Mkaguzi akatumwa. Akaingia darasa la tano bila hodi, akamkuta Mumbi pale nyuma, macho amefumba, kichwa kimeegemea ukuta. Akangoja somo liishe, akamwita nje mbele ya walimu, tayari kumkaanga. Mumbi akamwomba radhi, kisha akamweleza somo lote tangu mwanzo. Akamwambia ni mtoto gani alijibu nini, nani aliitikia bila kujua, na ni wapi mwalimu alipita haraka. Mkaguzi alikunywa chai akarudi Kajiado. Tangu siku hiyo, Olkiloriti nzima ilijua kitu kimoja: Madam akifumba macho, halali.

Hilo nalirudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ndilo lililotuumiza. Kila mtu pale alijua Madam akifumba macho, halali. Anasikiliza. Usimguse.

Sasa nije kwa Mwalimu Muteti. Muteti alitoka Machakos, akaja Olkiloriti akiwa kijana. Anafundisha sayansi. Ni mwalimu mzuri, watoto wanampenda, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kunyamaza. Aliuliza swali na kabla mtoto hajafungua mdomo, amelijibu mwenyewe. Mumbi alimwambia neno lile lile kando ya lile tangi, mwaka baada ya mwaka. "Ngoja, Muteti. Ukiuliza, ngoja." Muteti aliahidi. Kesho yake akauliza, akajijibu.

Msidhani alikuwa anamwonea. Mumbi alikuwa na desturi ya kusimama mbele yeye mwenyewe, afundishe, na walimu wakae benchi la nyuma wamsikilize. Wamwambie jambo moja. Mara ya kwanza hakuna aliyethubutu. Muteti ndiye aliyefungua mdomo, akamwambia, Madam, sauti yako haifiki nyuma. Walimu wengine wakaangalia chini wakijua Muteti amekwisha. Mumbi akamshukuru. Wiki iliyofuata alifundisha akitembea katikati ya madawati, na aliendelea hivyo mpaka mwisho. Naibu wake, Mwalimu Lemayian, aliniambia kwamba siku ile ndipo alipoanza kumheshimu. Kabla ya hapo alikuwa anamvumilia.

Na shule ikaanza kuinuka. Haikuruka, iliinuka polepole. Mvua za El Niño zilipokuja, mwaka wa tisini na saba, udongo wetu mweusi ukameza barabara. Yeye alifika shuleni kwa miguu na walimu wakaona aibu kutofika. Ukame wa mwaka wa 2000 ulipofukuza mifugo na watoto wakahama na ng'ombe, yeye alikwenda mpaka maboma ya upande wa Bisil kuwatafuta. Waliporudi, aliwaambia walimu waanze pale watoto walipoachia, si pale kitabu kilipofikia. Walimu walilalamika sana. Muteti alilalamika kuliko wote. Mtihani uliofuata, Olkiloriti ilizipita shule zilizo karibu na lami, zile zenye umeme na lango la chuma. Mzee Yarow akawatoa wajukuu wake katika shule ya kulipia mjini Kitengela, akawaleta kwa yule kichaa. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Halafu ikaja Januari ya mwaka huu wa 2003, elimu ya msingi ikawa bure. Mliona wenyewe. Watoto walikuja Olkiloriti mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Kuna watu walisema sasa Madam atarudi ofisini, hapo nyuma hapana nafasi. Akaenda, akawaomba watoto wasogee. Darasa la saba aliketi na Fardosa, mjukuu wa Mzee Yarow, bega kwa bega.

Sasa Jumanne ile.

Bwana Irungu anasema asubuhi aliamka akilalamika bega. Akamwambia apumzike. Akakataa, akasema leo ni zamu ya Muteti, na Muteti amemwambia jana kwamba amepanga kitu.

Muteti alikuwa amepanga kweli. Alikuwa na makopo matatu aliyoyatoboa chini. Moja alitia kichanga cha mtoni. La pili alitia tifutifu kutoka shamba la mboga la shule. La tatu alitia huu udongo wetu mweusi wa Kitengela. Akamwaga maji sawasawa katika kila kopo, akawaambia watoto watazame chini na wanyamaze. Kichanga kikadondosha maji mara moja. Tifutifu ikadondosha polepole. Kopo la udongo mweusi halikutoa hata tone. Muteti akauliza, kwa nini?

Na akanyamaza.

Wasikilizaji, Muteti aliniambia kwamba jibu lilikuwa kwenye ulimi wake. Alilibana. Akageuka akatazama ubao ili asiwaone watoto wakihangaika. Alingoja mpaka akaona aibu. Akangoja tena. Halafu Hanad, kijana ambaye hajawahi kujibu swali tangu aje kutoka Garissa, akasema: "Mwalimu, huu si ndio hushika viatu vyetu mvua ikinyesha? Kama unashika kiatu, unashika na maji."

Baada ya hapo darasa liliwaka. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Muteti anasema halikuwahi kutokea somo kama lile katika maisha yake, na kila dakika alikuwa anajua kwamba Madam yuko pale nyuma, macho amefumba, anasikia kila kitu. Kengele ikalia. Watoto wakatoka kwa adabu, wakimpita Madam bila kumgusa, kama walivyofundishwa. Fardosa alitoka kwa kujipenyeza upande wa ukuta asimsumbue.

Muteti akabaki. Akapanguza meza. Akayapanga makopo. Akangoja.

Alingoja, jamani. Alidhani Madam anatafuta neno la kumwambia. Alifurahi. Alisimama mlangoni akingoja ainuke waende kule kwenye tangi, na hakutaka kumharakisha, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kungoja. Naibu, Mwalimu Lemayian, akapita nje, akamwona mlangoni, akachungulia. Lemayian na Mumbi walikuwa na salamu yao ya kila siku, ile salamu ya Kimaasai ya kumwamkia mama. Somo likiisha, hata akiwa bado amefumba macho, Lemayian akimwamkia lazima aitikie.

Lemayian akasema, "Takwenya, Madam."

Kila siku alijibu "Iko." Siku hiyo hakujibu.

Lemayian ni Mmaasai. Aliniambia kwamba kwao salamu haiachwi hivi hivi, hata mtu akikukasirikia ataitikia. Hakurudia mara ya pili. Aliingia moja kwa moja, akamshika mkono, akamtazama Muteti. Na Muteti akajua alikuwa amesimama pale akimngoja mtu aliyekufa.

Daktari alisema ni moyo. Alisema ulisimama ghafla, na kwamba hata wangekimbia asingefika Kitengela akiwa hai. Hilo alimwambia Bwana Irungu, akalirudia kwa Muteti, akalirudia kwa polisi waliokuja kuuliza. Halikumsaidia Muteti. Watu wetu pia hawakumsaidia. Kule Kisaju walisema amefundisha maiti. Wengine walicheka. Nawaambia waliocheka, nimewasikia na nimeona aibu kwa niaba yenu.

Muteti hakuingia darasani tena. Alifika shuleni, akakaa kwenye ngazi za stoo, akaenda nyumbani. Mazishini alisimama nyuma ya watu wote. Kisha akamwambia Lemayian kwamba anaacha ualimu, anarudi Machakos kulima. Lemayian alimbembeleza. Aliniambia kwamba Muteti hakusumbuliwa na lile la kungoja peke yake. Kilichomla ni swali moja: Madam alisikia? Miaka yote alimwambia ngoja. Siku aliyongoja, alikuwa bado hai au alikuwa ameshakwenda? Ni nani angemjibu hilo?

Jumatatu ya wiki hii Bwana Irungu alisikia kwamba Muteti anafunga virago. Akapanda pikapu yake akaenda Olkiloriti akiwa na ovaroli yake ya kazi, na mimi nilikuwa pale siku hiyo nikitafuta habari za kipindi hiki. Kwa hiyo hili ninalosema sasa sikuambiwa. Nililiona.

Alimkuta Muteti kwenye ngazi za stoo. Wakasalimiana. Halafu Bwana Irungu akamwambia, taratibu tu, "Mwalimu, mke wangu alitoka kwangu asubuhi akaja kusikiliza kitu. Hicho kitu ndicho cha mwisho alisikia. Mimi sijakisikia. Nifundishe."

Muteti alikataa kwa kichwa. Bwana Irungu akamwacha pale kwenye ngazi. Alienda darasa la saba, akajipenyeza kati ya madawati, akaketi benchi la nyuma karibu na Fardosa. Akakaa. Sijui tulikaa kwa muda gani. Hatimaye Muteti akaingia na makopo yake matatu.

Alimwaga maji mpaka sakafuni. Kichanga kikadondosha. Tifutifu ikafuata. Kopo la tatu halikutoa kitu. Muteti akauliza kwa nini. Akanyamaza, lakini safari hii hakuwa anangoja jibu, alikuwa ameshindwa. Hanad alikuwa na jibu na hakulitoa. Hakuna mtoto aliyelitoa. Walikuwa wanamwogopea.

Fardosa akainua mkono. Muteti akamwonyesha kwa kidole.

"Mwalimu," Fardosa akasema, "siku ile Madam aliongea."

Darasa likageuka lote. Muteti akamuuliza aliongea nini.

"Ulipouliza hili swali. Ulikuwa umeangalia ubao. Alisema kwa kunong'ona, 'Leo amengoja.' Halafu akacheka kidogo. Halafu Hanad akajibu."

Bwana Irungu akamgeukia yule msichana. Akamuuliza, mama, kwa nini hukusema hii siku zote?

"Madam alikataza tusiseme vile anafanya akiwa huku nyuma," Fardosa akasema. "Na hakuna mtu aliniuliza."

Wasikilizaji wapendwa, hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka na kifo chenyewe. Daktari aliuliza watu. Polisi waliuliza watu. Watu wa elimu walitoka Kajiado wakauliza watu. Mimi na redio yangu nilikuwa pale tangu asubuhi nikiuliza watu. Mtoto aliyekuwa bega kwa bega naye hakuulizwa na yeyote.

Muteti aliketi chini kwenye sakafu, mbele ya darasa, akalia kwa sauti. Hakuna mtoto aliyecheka. Bwana Irungu alimwacha alie. Hakumfuata wala hakumwambia pole. Alikaa pale nyuma na mikono yake ya grisi juu ya dawati. Muteti alipomaliza akainuka, akajipangusa kwa mkono wa shati, akaokota chaki. Akauliza tena: kwa nini maji hayatoki?

Na akangoja. Mwenye kujibu alikuwa Bwana Irungu.

"Mimi nachimba visima kwa huo udongo," akasema. "Huo ukishika kitu, hauachi."

"Ndiyo," Muteti akasema. "Nani mwingine?"

Alifundisha mpaka kengele. Kisha akaenda darasa la sita, ambalo lilikuwa likimsubiri tangu wiki juzi.

Kwako Bwana Irungu, kwa watoto wako, kwa wazee wa Murang'a, kwa walimu na watoto wa Olkiloriti, na kwa Mzee Yarow aliyenipigia simu asubuhi hii akashindwa kumaliza sentensi: poleni. Poleni sana kutoka kwangu na kwa wote wanaotusikiliza. Mungu awatie nguvu, maana mimi sina ya kuwatia.

Nanyi mlioko nyumbani na redio, nawaomba kitu kimoja. Karibu na wewe sasa hivi kuna mtoto. Mwite. Muulize leo ameona nini, amesikia nini. Ukishauliza, usimjibie.